Jengo Lililoelekea Kaskazini

Mtu akinichekea kabla sijasema la kuchekesha, mimi hushika mkoba wangu. Ndivyo nilivyo, na sioni haya. Nimezaliwa Itaka, nimefundisha ushonaji huku bondeni Msangano kwa miaka mingi, na katika maisha yangu waliokuja na tabasamu kubwa ndio walioondoka na kuku. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka ule wa jengo jipya nilimshuku kila mtu, msidhani ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

Darasa langu lilikuwa kwenye ghala la zamani la chama cha ushirika, lililobaki tupu tangu wanunuzi binafsi waanze kufuata mahindi hadi mashambani. Ghala ni nyumba ya magunia, na magunia hayatoki jasho. Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikishalowesha bonde lile na jua likarudi juu yake, mvuke hupanda kama wa chungu cha makande, nasi tulikuwa ndani ya chungu. Wasichana walishona wamejitanda taulo shingoni. Siku Ruti alipozimia na kuangukia cherehani, tulimtoa nje kwa kumbeba, na kanisa, ambalo ndilo lenye chuo, likasema basi. Ama lijengwe jengo la kufaa palepale Msangano, ama darasa lihamie Tunduma kwenye ubaridi.

Kwa mtu wa mbali hilo linaweza kuonekana jambo jepesi. Tunduma ni mpakani. Malori hulala barabarani siku nyingi yakingoja karatasi zao, na madereva hawana la kufanya isipokuwa kuangalia nani anapita. Wafugaji wa bondeni, hasa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, hawakutaka hata kulisikia hilo jina. Mmoja wao, Mzee Makene, alinifuata ghalani siku ileile kanisa liliposema hivyo.

"Mwalimu Felista, mwangaluka," alinisalimu Kisukuma kama ni asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Alikuwa na mawazo. "Nitawapa ardhi. Jengeni hapa. Lakini mkienda Tunduma, Nyanzobe haendi. Kuna watu wameshakuja kuzungumza habari zake, nami nitawajibu."

Nyanzobe alikuwa binti yake wa mwisho na mwanafunzi wangu aliyekuwa na mkono kuliko wote. Alikata kola ya shati kwa jicho tu, na ikikunjwa pande zote zinalingana. Nilijua kuwa baba yake hatishii. Darasa likihama, mtoto yule angeolewa kabla mahindi hayajakomaa, na mkono wake ungeishia kushika mpini wa jembe.

Kamati ya ujenzi iliundwa. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Danford wa Tunduma, mtu wa suti na simu mbili. Makene aliingizwa kwa sababu ya ardhi, nami kwa sababu ya darasa. Nilianza kumshuku Danford kabla ya sala ya kufungua kikao kwisha. Alikuwa na jengo refu pale Tunduma, barabara ya Sumbawanga, ambalo wapangaji wake walikuwa wamehama, na kila tulipotaja Msangano alikohoa.

Kisha akaja mchora ramani. Wafadhili ndio waliomchagua, mwanamke wa makamo anayeitwa Faudhia, mwenye ofisi yake Mbeya mjini lakini mzaliwa wa huku huku bondeni, Kamsamba. Baba yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Alinichekea mlangoni. Nikashika mkoba.

"Mwalimu, naomba vipande vya vitambaa unavyotupa," alisema.

"Vya nini?"

"Nataka kuona upepo."

Nilimpa vilivyokuwa karibu, na kwa bahati mbaya tulikuwa tumetoka kushona majoho ya kwaya na sare za shule, kwa hiyo vilikuwa vyekundu, vyeupe na vyeusi. Akavifunga kwenye miti mirefu, akaisimika kiwanja kizima, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kuvitazama siku nzima. Kila anayepita Msangano anajua ni nani husimika vitambaa vya rangi hizo tatu. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika hadi mashineni kwamba kanisa limeleta mganga wa kuzindika kiwanja, tena mwanamke. Niliulizwa sokoni kama amekuja na tunguli. Nilijibu kwamba sijamwona nazo bado, maana nami nilikuwa bado namchunguza.

Msingi ulipochimbwa ndipo mambo yalipochacha. Barabara inapita mashariki ya kiwanja, na kila mtu alitazamia jengo lielekee barabarani, kama nyumba yoyote yenye adabu. Faudhia aliipa barabara ubavu. Jengo lilikuwa refu na jembamba kama behewa. Pande zake nyembamba, za mashariki na magharibi, hazikuwa hata na tundu la panya. Pande ndefu zilitazama kaskazini na kusini, na ukuta wake, kuanzia usawa wa kiuno hadi juu, ulikuwa wa matofali ya matundu matupu. Dirisha hata moja hapana. Upenu ulitokeza mbele kiasi cha kuegesha trekta. Dari ilikuwa ya matete, na juu ya matete kukawa na nafasi wazi kabla ya kufika kwenye bati.

Kule kwetu milimani nyumba haijengwi hivyo. Mwezi wa sita upepo wa Itaka unauma hadi kwenye jino, na mama yangu alikuwa akiziba kila mwanya juu ya ukuta kwa matambara. Tunduma ni hivyohivyo. Kwa mtu wa huko, nyumba ya matundu ni nyumba iliyoishiwa matofali au ni zizi. Danford alilizunguka jengo lile mara moja tu, akaingia kwenye gari lake.

Kwenye kikao kilichofuata, akawa na jipya.

"Mimi niulize tu," alisema, na mtu akianza hivyo ujue haulizi. "Waislamu wa Tunduma wanaposwali, wanaelekea wapi?"

Watu wakatazamana. Makene akajibu kwa unyofu kwamba wanaelekea kaskazini.

"Na jengo letu linaelekea wapi? Na huyu fundi wetu anaitwa nani? Na kuta za matundu kama zile, mmewahi kuziona kwenye kanisa gani? Nyumba ya kanisa haiwezi kuwa na kuta za msikiti. Mchungaji hawezi kuipokea. Mimi sisemi kitu, nauliza."

Hakusema kitu, lakini kabla ya siku kuisha bonde zima lilikuwa limesikia. Nilikasirika, tena kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba niliiona hila ya Danford ilikokuwa inaelekea: mlango wa jengo lake lililokosa wapangaji. Ya pili ni kwamba jambo lenyewe lilinikaa rohoni. Nilikwenda kiwanjani, nikamkuta Faudhia juu ya ngazi akikagua matete.

"Dada Faudhia, shuka nikuulize. Kwa nini kaskazini?"

Alishuka, akajifuta vumbi. Aliponitazama hakutabasamu, na kwa hilo nilimheshimu kidogo.

"Umeyasikia."

"Nimeyasikia, na nataka kuyasikia kwako."

"Jua linachomoza wapi, Mwalimu? Linatua wapi? Asubuhi linachungulia ndani kutoka mashariki, jioni kutoka magharibi, na huko haliwezi kuzuiwa na upenu kwa sababu linakuja limeinama. Kwa hiyo huko nimelipa ukuta mtupu na mwembamba, ligonge lichoke. Upepo wa hapa unatoka upande wa kusini. Vitambaa vyako ndivyo vilivyoniambia. Unaingia kwa matundu haya, unatokea kwa yale, na joto lililopanda linatolewa juu ya dari. Nyumba ya watu wa bondeni lazima ipumue. Mimi nimelelewa kwenye chumba cha bati Kamsamba, tulikuwa tunahamisha mikeka nje." Akanigeukia. "Jiko lako linaelekea wapi?"

Nilifikiri. "Kaskazini."

"Hebu muulize Mzee Danford kama ugali wako ni halali."

Nilicheka, ingawa sikuwa nimepanga. Dari ilipokamilika alinikalisha ndani saa za mchana, jua likiwa la utosi. Nilikuja na uzi wa pamba, nikaushika mbele ya uso wangu kama anayetunga sindano. Ukalala upande wa kaskazini, ukabaki umelala, na jasho langu la njiani likanikaukia mgongoni. Sikumwambia neno la sifa, maana kumsifu fundi mapema kuna nuksi yake. Lakini nilirudi nyumbani nimeanza kupanga mahali pa kila cherehani.

Siku chache kabla ya uzinduzi nilikwenda Tunduma kupokea vyerehani vipya. Kamati ilikaa huko, na Mchungaji Anyelwisye, kiongozi wa jimbo, alihudhuria mwenyewe. Makene hakuwepo. Ng'ombe wake walikuwa wanachanjwa, na mfugaji haachi chanjo kwa ajili ya soda ya kikao. Danford akarudia maswali yake yote. Mchungaji, mtu mnene asiyependa kelele, alimsikiliza hadi mwisho.

"Mambo ya kaskazini mimi siyajui," alisema. "Tuliamua kujenga kwa sababu mtoto alizimia kwa joto. Nitakuja, nitaketi humo ndani mchana pamoja na watoto. Nikiweza kukaa, darasa libaki. Nikishindwa, lije Tunduma."

Danford akatabasamu, nami nikashika mkoba. Kwa nini atabasamu? Usingizi wangu wote wa Tunduma uliishia kwenye tabasamu lile.

Siku ya uzinduzi tulishuka bondeni pamoja, mimi na Faudhia, aliyetokea Mbeya, kwenye gari la vyerehani, wakubwa kwenye gari lao. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ardhi ilikuwa inafuka. Tulipokata kona ya mwisho Faudhia aliniminya mkono.

Matundu hayakuwepo. Kuta zote mbili ndefu zilikuwa zimekandikwa kuanzia kiunoni kwenda juu, zikalainishwa vizuri na kupakwa chokaa. Mstari mmoja tu wa juu kabisa ndio ulioachwa wazi ili mwanga uingie. Jengo lilikuwa jeupe na la heshima, na lilikuwa limekufa.

Hapakuwa na nafasi ya kuuliza. Wasichana walikuwa wameshaketi ndani kwa mistari, kwaya imeanza, na Mchungaji akaongozwa hadi kwenye meza ya mbele. Nikaingia nyuma yake, hewa ya humo ikanipokea kama pumzi ya mtu mgonjwa. Ulikuwa udongo mbichi, chokaa mbichi na watu wengi. Wimbo wa pili haujaisha, kola ya Mchungaji ilikuwa imelowa. Nilimwona Nyanzobe katika mstari wa kwanza, amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa siku hiyo, akijipepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia nguo na kunitazama mimi. Nilijua anachoniuliza.

Faudhia alisimama. "Mchungaji, samahani. Matundu ya ukuta yamezibwa. Nyumba hii haikujengwa hivi."

"Nani kaziba?" aliuliza Mchungaji.

Watu wakageuka kutazama kuta.

"Mimi niulize tu," Danford akasema. "Si inawezekana mwenye ramani ameona mvua inaingia, akajiziba mwenyewe, na sasa anatafuta wa kumtupia?"

Faudhia akatikisa kichwa. Mchungaji akamtazama, kisha akamtazama Danford, kisha akanitazama mimi. Sidhani kama alimwamini hata mmoja wetu. "Akipatikana aliyeziba, nitasikiliza," alisema. "Asipopatikana, nitahukumu nyumba ninayoiona." Akaendelea kukaa na kutoka jasho.

Nilitoka nje nikiwa na hakika yangu. Danford. Ametuma watu wakati sisi tuko Tunduma. Lile ndilo lilikuwa tabasamu lake. Nikaenda ukutani nikabandua kipande niende nacho ndani kama ushahidi, nikakiponda mkononi, nikakinusa. Kilikuwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Danford hana hata mbuzi, na mafundi wa Tunduma hawakandiki hivyo. Nikatazama tena ule ulaini wa ukuta, mikono ya wanawake imepita kwa nusu duara, moja baada ya nyingine. Niliwahi kuona ukuta kama huo. Niliuona siku nilipokwenda nyumbani kwa Makene kumwombea Nyanzobe nafasi ya kusoma.

Makene alikuwa nyuma ya jengo chini ya upenu, ameegemea fimbo yake. Damu ilinipanda.

"Baba Nyanzobe, kumbe ng'ombe wa mahari walikuwa watamu kiasi hicho?"

"Ng'ombe gani, Mwalimu?"

"Usinifanye mtoto. Umeziba nyumba ili darasa lituondokee, umwoze binti bila lawama. Huu ni ukuta wa kwako."

Hakukasirika, na hilo lilinichanganya.

"Ukuta ni wangu," alisema. "Nimekandika mimi na wake zangu na jirani. Nilisikia kikaoni kwamba Mchungaji hawezi kupokea nyumba yenye kuta za msikiti. Nikasema, kama ni matundu ndiyo yanamwondoa mtoto wangu, matundu si kitu, tutayaziba. Tumeifanya iwe nyumba ya kanisa."

"Na joto?"

"Joto nani asiyelijua? Nyumba zote huku zina joto. Bora joto kuliko Tunduma."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo. Nikamweleza kilichosemwa Tunduma wakati yeye alipokuwa anachanjisha ng'ombe: kwamba Mchungaji hakuja kupima msikiti, amekuja kupima joto, na hivi tunavyozungumza analipima kwa shati lake. Nikamweleza pia kuwa Faudhia anasingiziwa.

Alielewa haraka. Nililiona likimwingia. Kisha niliona lingine linalomwingia baada ya hilo, na sikuhitaji kuambiwa. Wenyeji walikuwa wakinung'unika siku nyingi kuhusu Wasukuma na mifugo yao mashambani. Mgeni akisimama mbele ya kanisa zima akakiri kwamba ameingia kwenye jengo lao na kuliharibu, watu kama Danford wangeyahifadhi maneno hayo kwa ajili ya kila ugomvi wa mpaka.

"Nikisema, watatuhesabia sisi sote," alisema polepole.

"Ndiyo," nilimjibu. Sikuwa na uongo wa kumpa. "Watawahesabia."

Alitema mate pembeni, akashika fimbo, akaenda mlangoni. Nilimfuata.

"Mchungaji," alisema kutoka kizingitini, na kwaya ikakatika katikati ya ubeti. "Aliyeziba ni mimi Makene. Dada huyu hajui kitu. Nilifikiri nasaidia."

Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye ukuta wa kusini, akasukuma ncha ya fimbo ndani ya tundu la kwanza. Udongo ulikuwa mbichi bado, ukaangukia nje. La pili. La tatu. Danford alisimama kupinga, lakini Nyanzobe alikuwa ameshainuka na rula ya mti, akasimama upande wa baba yake na gauni lake jipya, akaanza kugonga. Kisha wakaja wake wa Makene kutoka nje, wanabomoa walichokipamba kwa mikono yao, kisha wasichana wote. Vumbi la chokaa likamwagikia meza ya wageni. Ukuta wa kusini ukawa wazi wote.

Hakuna kilichotokea. Hewa ilikuwa ileile, na sasa ina vumbi. Danford akasonya.

"Na wa kaskazini," Faudhia alisema. "Upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii."

Makene alivuka chumba akaenda kwenye ukuta ule uliozua maneno. Tundu la kwanza, la pili, safu nzima. Alipofika katikati ya ukuta, kitambaa cha meza ya wageni kikajikunja, kikatulia, kikajikunja tena. Kisha upepo ukapita. Haukuwa mkubwa. Ulipita tu bila kuacha, kutoka mgongoni kwetu kwenda mbele, na vumbi likatoka nao nje. Nilimwona Mchungaji akifungua kifungo cha shati na kufumba macho. Watu wakainua videvu. Nilisikia furaha ikinijaa.

"Lakini upepo huu nao," Danford alimnong'oneza jirani yake, "ameutoa wapi? Mimi nauliza tu."

Mchungaji alikaa humo hadi ibada ikaisha, akahubiri, tena kwa kirefu. Mwishoni alisema darasa linabaki Msangano. Wasichana hawakupiga makofi, walishikana mikono. Halafu, kwa kuwa wakubwa wa kanisa hupenda kila mtu aondoke na kipande chake, akampa Danford cha kwake: mtu aliyegusa jengo la kanisa bila ruhusa hawezi kuendelea kwenye kamati. Makene aondoke. Alimwita pia Faudhia pembeni. Nilisogea nisikie, nikamsikia akimwuliza taratibu kama kweli, kwa dhati ya moyo wake, aliwaza jua peke yake. Faudhia alijibu ndiyo. Mchungaji akamshukuru, na usoni mwake nikaona kwamba angemwuliza tena siku nyingine.

Ilinichoma, nakiri. Mtu ametoa ardhi, ametoa aibu yake mbele ya watu, na anafukuzwa kwenye viti vya plastiki kwa ajili ya mtu ambaye hajatoa hata msumari. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kusema.

"Mzee Makene, una neno?" Mchungaji aliuliza.

Makene alikuwa amesimama na chokaa kichwani, fimbo imejaa udongo.

"Ninalo moja. Binti yangu anaanza lini humu?"

Wajumbe wakageukiana. Katika vikao vyote vile hakuna aliyekuwa amelipangia hilo siku.

"Kesho asubuhi," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kuwanywesha ng'ombe.